Boti ya alumini Mtwara: niliyoyaona tangu niache mbao

Kama unavua kwa mshipi, huendi mbali na pwani, na kila siku unapandisha chombo mchangani, boti ya alumini itakufaa. Kama wewe ni mtu wa jarife, ule wavu mkubwa, unalala nje na upepo wa kusi unavuma, tafuta kitu kizito zaidi. Naanza na jibu kwa sababu pale Feri naulizwa kila nikishuka kama boti hii inafaa, na wengi wanaouliza, hela wameshazishika mkononi.

Yangu ni ya mtumba, futi 14, ilishushwa Dar es Salaam ndani ya kontena ikaletwa huku kwa lori. Bati la chini ni la milimita 3 na limeungwa kwa kuchomea, si kwa riveti. Wazee wa Msangamkuu wameipa jina la Sufuria. "Sufuria hiyo inarudi, tuone imepika nini leo!" Nimezoea. Hela niliyotoa ingetosha kuunda mashua mpya ya mbao na kubaki na chenji ya nyavu, kwa hiyo bei isikuvutie, haipo ya kuvutia.

Raha yake ni wepesi. Alumini ina uzito wa kama theluthi moja tu ya chuma, na ukishazoea kusukuma mti wa mwembe utaona tofauti siku ya kwanza. Maji yakipwa Mikindani, mimi na mwenzangu tunaivua mashine, yaani injini, tunaishika huku na huku, tunaipandisha. Zamani ilibidi nisubiri maji yajae au niite vijana, na vijana wa pwani hawasukumi bure, wanataka kitoweo. Ikigonga mwamba inabonyea tu, wakati fiber ingechanika. Mashine ya farasi 15 inatukimbiza vizuri tukiwa watatu na boksi la barafu, na mafuta nayo hayaishi haraka kama zamani. Halafu hakuna kalafati, ile kazi ya kuziba nyufa za mbao. Hakuna pamba, hakuna sifa (mafuta ya papa ya kupaka chombo), hakuna kuchoma makuti chini ya chombo kuua wadudu wanaotoboa mbao.

Ila chumvi. Hapa ndipo wauzaji wanapopita haraka.

Utaambiwa alumini haishiki kutu, na kweli ile kutu nyekundu hutaiona. Ikikutana na hewa hujivika ngozi nyembamba inayoikinga. Lakini ilaze kwenye maji ya chumvi huku imegusana na shaba, risasi, hata stenlesi, inaanza kuliwa yenyewe na ile metali nyingine inabaki nzima. Kuna chubwi ya risasi, kile kizito cha mshipi, ilidondoka chini ya ubao wa kukalia, pale maji ya ngama, yanayoingia chomboni, yanapotuama. Siku tulipoiokota, chini yake palikuwa na unga mweupe. Nikaukwangua kwa kucha, kikatokea kishimo, ncha ya ndoana inaingia. Chubwi moja tu! Sasa zote zinakaa kwenye ndoo ya plastiki.

Kule tezi, nyuma ya boti, bolti za stenlesi zinazoshika mashine nimeziwekea wosha za plastiki. Chini ya maji pana kipande cha zinki, kazi yake ni kuliwa badala ya boti. Kikifika nusu nabadilisha, na rangi hakipakwi, maana ukikipaka hakifanyi kazi tena. Rangi nyekundu ya kuzuia majani na chaza mara nyingi ina shaba ndani. Kwa mbao na fiber haina neno, kwa alumini ni sumu. Soma kopo kabla hujafungua pochi. Na nyaya za betri usiziache ziguse bodi, umeme ukivuja unamaliza bati haraka kuliko chumvi.

Ikitoboka je? Fundi mageti wa mtaani, na mashine yake ile ya madirisha, ataiharibu. Alumini ya boti inataka gesi ya argon na mtu aliyezoea kuichomea. Mji wetu una gesi, ya Mnazi Bay inajulikana tangu 1982, lakini si gesi hiyo! Mbao ukiipeleka kwa fundi yeyote Mikindani, jioni unaondoka nayo.

Kelele ni balaa. Ukidondosha kisu, samaki wa mwamba mzima wanajua umefika. Nimetandika raba sakafuni, imesaidia pia kwenye joto, kwa sababu saa sita mchana lile bati halikanyagiki kwa mguu mtupu. Raba yenyewe lazima itolewe na kukaushwa kila siku, maji ya chumvi yakikwama chini yake bati linaliwa kimyakimya. Na upepo wa kusi, Juni hadi Agosti, unaisukuma ubavuni hadi nanga inaburura. Nje ya ghuba inapiga maji, mgongo unakoma.

Kingine cha kuangalia ni povu gumu chini ya viti. Mtumbwi wa mbao ukijaa maji bado unaelea, mtaushika. Alumini isiyo na povu inakwenda chini. Povu lililolowa nalo ni mzigo tu, libonyeze uone kama linatoa maji.

Ukipata ya mtumba, mwambie muuzaji aipandishe juu ya magogo, mwaga maji ndani yake mpaka yafike kwenye viti, kisha zunguka chini uangalie. Ya riveti itakuonyesha yenyewe inapovuja. Muuzaji akikataa jaribio hilo, mwachie boti yake.

Yangu siuzi. Kwa samaki wa hapa karibu, changu na kolekole, inanitosha kabisa. Ila shemeji yangu wa Kilwa Kivinje, anayekwenda nje usiku kufuata jodari, nimemwambia achukue fiber.