Kipimo cha vinasaba kilivyoturudishia mdogo wetu

Mdogo wangu alikuwemo kwenye basi lililogongana na lori likashika moto. Miili haikutambulika kwa sura wala kwa nguo, tukaambiwa hakuna atakayekabidhiwa maiti kabla ya kipimo cha vinasaba.

Nilijitokeza mimi. Mtaalamu akauliza, "Mama yupo?" Yupo Tanga, nikamjibu, miguu inamsumbua. "Mlete, kaka. Wewe na marehemu kuna sehemu mlizorithi tofauti kabisa. Mama ndiye aliyempa nusu." Mama akafika alfajiri kwa gari la jirani. Kijiti chenye pamba kilisuguliwa ndani ya shavu lake, basi. Kwa marehemu walichukua kipande cha mfupa wa paja.

Iliyonituliza ni karatasi ya majibu, kwa sababu yule mtaalamu alikaa nasi akaisoma. Alisema sehemu kubwa ya vinasaba haina maagizo ya kutengeneza protini, na humo kuna herufi chache, yaani alama za kemikali zinazounda vinasaba, zinazojirudia mfululizo. Mmoja anazo mara 6, mwingine mara 9, na kila mtu ana namba mbili, moja ya mama na moja ya baba. Mahali paitwapo TH01 herufi hizo ni AATG. Mama ana 7 na 9. Maiti ilikuwa na 6 na 9. Hiyo 9 peke yake haithibitishi kitu, wanayo watu wengi. Lakini alishuka mstari baada ya mstari, na kila mstari namba moja ya mama ilikuwemo. Mama alizifuata kwa kidole mpaka chini, kisha akasema, "Ni mwanangu."

Nilisoma baadaye kwamba njia ya kwanza, aliyoigundua Alec Jeffreys kule Leicester, Uingereza, mwaka 1984, ilihitaji vinasaba vingi tena visivyokatikakatika. Hivi vipande vifupi vya sasa husomeka hata kwenye mfupa uliopitiwa na moto. Bila hivyo tungezika nani?

Ninacholalamikia ni ukimya. Siku 19, hakuna simu wala ujumbe. Sisi Waislamu hatulazi maiti, na kila jioni shangazi zangu waliuliza nami sina jibu. Ujumbe mmoja kwa wiki ungetusaidia sana.

Yakikufika, nenda na mzazi au mtoto wa marehemu. Kama hawapo, peleka mswaki wake au wembe aliokuwa akinyolea, usiuoshe, ufunge kwenye bahasha ya karatasi.