Ekstensheni ya "kinga" kutoka Kariakoo: nimefungua, ndani hamna kitu

Nimekaa kimya nikisubiri hasira zipoe, hazijapoa. Masika hii radi ilipiga jirani na kwetu Kimara, kompyuta yangu ya kazi ikazimika hapohapo. Ilikuwa imechomekwa kwenye ekstensheni niliyouziwa sh 35,000, wakati za kawaida zipo hadi za 10,000, kwa sababu moja tu: imeandikwa ina kinga ya radi, na kitaa cha kijani eti kinaonyesha kinga inafanya kazi. Kompyuta imekufa, kitaa bado kinawaka!

Niseme haki: swichi zake hazilegei, waya haupati moto. Kwa kuchaji simu na kupiga pasi inafaa, sikatai.

Fundi aliifungua mbele yangu. Skrubu nne, kifuniko kikatoka. Ndani kuna bati za shaba, nyaya tatu na kile kitaa. Kwenye kibao kidogo pamechapwa alama ya varista, kile kidude bapa cha miguu miwili kinachotulia umeme ukiwa kwenye volti 230 na kuufungulia njia ya pembeni ukipanda ghafla. Matundu yake mawili yapo, matupu, hayajawahi kuona lehemu. Yaani walijua mahali pake wakaacha kukiweka.

Nikairudisha dukani. Kijana hakuigusa hata. "Dada'angu, radi ni kazi ya Mungu. Halafu mali ikishauzwa hairudi, soma risiti." Akamgeukia mama mmoja mwenye dera la zambarau, akamuuzia ileile mbele ya macho yangu: "Hii ina kinga, mama, utalala usingizi." Nilitetemeka. Radi namwachia Mungu, lakini varista nilimlipa yeye!

Nimesema kwa pasi inafaa? Nafuta. Usinunue hata kwa pasi.

Arthi ya nyumba, ule waya unaopeleka umeme ardhini, fundi alishapima, iko sawa, kwa hiyo yule kijana wa dukani asinitafutie kisingizio. Fundi kaniambia bila arthi hata kinga halisi inafanya nusu kazi, varista nayo huchoka kila inapopigwa, na kebo ya intaneti inayoshuka kutoka paani ni njia nyingine ya radi. Sasa wingu likifunga tu nachomoa nyaya zote, wa umeme na wa intaneti, kabla halijaanza kunguruma.

Mama wa dera la zambarau, kama unasoma hapa, fungua hizo skrubu nne uangalie.