Miezi Minne na Mullvad Katika Ploti ya Umoja

Nilianza kutafuta huduma ya VPN, yaani programu inayopitisha intaneti yako kwa njia iliyofichwa, jioni ile ambayo kijana anayesimamia mtandao wa ploti yetu hapa Umoja, Nairobi, aliniuliza, mbele ya majirani wawili, "Pole dada, kliniki wamekusaidia?" Sikuwa nimemwambia mtu yeyote kuhusu kliniki. Wala yeye hakuwa amesoma ujumbe wangu wowote. Alikuwa ameona tu kwenye ruta yake kwamba chumba changu kilifungua tovuti ile ile kila usiku kwa wiki nzima, na hilo lilimtosha. Wapangaji wengi wa Eastlands tunapata intaneti kwa njia hii: mtu mmoja analipia faiba, anaisambaza kwa nyaya kutoka orofa hadi orofa, kisha anatutoza kwa wiki au kwa mwezi. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinatupa haki ya faragha, ikiwemo faragha ya mawasiliano, lakini haki hiyo haikuwepo pale kwenye ngazi jioni ile.

Tovuti nyingi siku hizi husimba kurasa zake, yaani huzigeuza kuwa maandishi ya siri, kwa hiyo msimamizi wa ruta hawezi kusoma unachoandika humo. Jina la tovuti, hata hivyo, kwa kawaida hupita wazi, nayo tovuti iliyo upande wa pili huiona anwani ya IP unayotokea, ile namba inayoutambulisha muunganisho wako kwenye intaneti. Mullvad, huduma ya VPN niliyoichagua, hushughulikia pande zote mbili. Jina lake kwa Kiswidi ni fuko, yule mnyama anayechimba njia zake chini ya ardhi, nalo linaieleza kazi yenyewe vizuri: kila kinachotoka kwenye kifaa changu husimbwa na kupelekwa kwenye seva yao, kisha hutokea huko kikiwa na anwani ya seva badala ya anwani yangu. Kijana wa ploti sasa anaona mkondo mmoja tu unaoelekea kwenye seva ya mbali, na tovuti ya kliniki inaona anwani ya Johannesburg, iliko seva ninayoitumia.

Kabla ya kasi na kabla ya bei, ningependa kila mnunuzi apime jambo moja. Ukiweka VPN, mtu wa kati bado yupo; umemwondoa kijana wa ploti na kuweka mahali pake kampuni ambayo hujawahi kuiona. Facebook iliinunua kampuni ya Onavo mwaka 2013, na programu yake ya bure ya VPN, iliyotangazwa kama kinga kwa mtumiaji, ikawa inakusanya taarifa za jinsi watu walivyotumia programu nyingine kwenye simu zao, hadi ilipofungwa mwaka 2019. Kwa sababu hiyo swali langu la kwanza lilikuwa kile ambacho mtu huyu mpya wa kati atakijua kunihusu.

Hapa ndipo Mullvad iliponishawishi. Kampuni hii ya Gothenburg, iliyoanza mwaka 2009, haikuuliza jina langu, barua pepe yangu wala namba ya simu. Nilibonyeza mahali pamoja nikapewa namba ya akaunti yenye tarakimu 16, na namba hiyo ndiyo jina na ndiyo nywila. Niliiandika kwenye daftari, kwa maana hawana barua pepe yangu ya kunirudishia nikiipoteza. Mwaka 2022 waliacha hata malipo yanayojirudia yenyewe kila mwezi, kwa sababu yaliwalazimu kutunza taarifa za wateja ambazo hawakutaka kuwa nazo. Mwezi Aprili 2023 maafisa wa polisi wa Uswidi walifika ofisini kwao na hati ya upekuzi, wakitafuta kompyuta zenye data za wateja. Waliondoka mikono mitupu, baada ya kuelezwa kwamba data hiyo haitunzwi. Sera nzuri kila kampuni huandika. Iliyopimwa na hati ya upekuzi ina uzito mwingine kabisa.

Bei ni euro 5 kwa mwezi, zaidi kidogo ya shilingi 700, na haijawahi kubadilika tangu mwanzo. Unaweza hata kutuma noti ndani ya bahasha hadi Uswidi, lakini mimi nililipa kwa kadi ya mtandaoni iliyounganishwa na M-Pesa, nikijua kwamba laini yangu imesajiliwa kwa kitambulisho na kwamba malipo hayo yanaacha alama. Kwa haja yangu hilo halidhuru. Mwanahabari anayelinda chanzo chake angepaswa kulifikiria zaidi.

Katika matumizi ya kila siku nimeridhika. Programu hutumia WireGuard, itifaki (kanuni za kuunganisha na kusimba) nyepesi ambayo tangu 2020 imo ndani ya kiini cha mfumo endeshi wa Linux, na huunganika kabla sijavuta kiti. Nikichagua seva ya Johannesburg simu za video hupita vizuri. Nikichagua ya Ulaya sauti huchelewa kidogo, jambo ambalo ni la umbali wa nyaya za baharini wala si la programu. Ninachokithamini zaidi kilionekana stima ilipopotea na ruta ikawaka upya: programu ilizuia intaneti yote mpaka njia iliyosimbwa ilipounganika tena, kwa hiyo hakuna kilichovuja katikati. Kwenye simu ya Android ni lazima uingie kwenye mipangilio uamuru VPN iwe imewashwa daima na kwamba mawasiliano yasiyopita humo yazuiwe. Usiiruke hatua hiyo.

Programu ya benki yangu hunikatalia kuingia nikiwa nimeunganika, kwa hiyo huiruhusu peke yake ipite nje. Hilo ni la benki, nami naelewa sababu yake.

Hata hivyo, anayedhani kwamba kuficha anwani ya IP kunamficha mtu mzima atajiumiza. Ukiingia kwenye akaunti yako ya Google, Google inakujua hata ukitokea Johannesburg. Vidakuzi vya jana, yale mafaili madogo ambayo tovuti huacha ili zikutambue, bado vimo kwenye kivinjari. Na simu uliyoipa ruhusa ya kutaja mahali ulipo itataja Umoja. Kwa anayehitaji kutojulikana kabisa, ningemwelekeza kwenye kivinjari cha Tor, ambacho ni cha bure na hupitisha mawasiliano katika vituo vitatu, ili kituo kimoja peke yake kisijue wewe ni nani na pia unaelekea wapi. Ni cha polepole zaidi, lakini humo hulazimiki kuiamini kampuni moja.

Akaunti moja huruhusu vifaa vitano. Mimi natumia viwili, na cha tatu ni simu ya mdogo wangu. Wiki iliyopita mmoja wa wale majirani wawili alibisha mlangoni usiku, akafunga mlango nyuma yake, akanipa simu yake na kuniomba nimwekee.