Hedi ya 4A-GE kwa Corolla ya mbio: uzoefu wangu Kisekka na Ndeeba

Kwa mwenye haraka: kwa injini ya Toyota 4A-GE nilichagua hedi (kichwa cha injini) ya poti ndogo, yaani yenye njia nyembamba za hewa, na kwa mbio za udongo za hapa Uganda ningeichagua tena.

Mafundi wengi watakwambia poti kubwa ndiyo ya mashindano kwa sababu inavuta hewa nyingi. Inavuta kweli, ila injini ikiwa juu kabisa. Kwenye uwanja wa mbio wa Busiika unatoka kona hii unaingia ile, na poti nyembamba huipa hewa mwendo hata mizunguko ikiwa midogo. Toyota wenyewe waliliona hilo: hedi ya poti kubwa waliifungia T-VIS, vipepeo vinavyoziba nusu ya njia za hewa mpaka injini ipite mizunguko 4,000 na kitu kwa dakika. Poti ndogo ilipokuja, vipepeo vikaondolewa.

Kisha kuna kompresheni, yaani kiasi ambacho pistoni hubana mchanganyiko wa hewa na petroli. Injini ya poti kubwa ilitoka na 9.4 kwa 1, ya poti ndogo 10.3. Kampala tuko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, silinda haijai kama ingejaa Mombasa. Kompresheni kubwa inafidia kidogo, na petroli ya kawaida inaivumilia.

Lakini namba hiyo inatokana na pistoni pia, si hedi peke yake. Kwenye soko la vipuri la Kisekka, Kampala, muuzaji mmoja alinishikisha pistoni za 4A-GZE: "Ssebo, hizi hazivunjiki!" Imara ni imara, ila ni za injini yenye supachaja (pampu ya kusukumia hewa ndani), za mwanzo zikiwa na 8 kwa 1. Ukizifunga kwenye injini isiyo na supachaja, nguvu umeiacha sokoni. Angalia na bloku, yaani mwili wa injini: ya mbavu tatu kwa nje hutumia pini ya pistoni ya milimita 18, ya mbavu saba milimita 20. Kwenye sanduku lake zote zilikuwa zimechanganyika, kwa hiyo nenda na venia yako (kipimo cha milimita) mfukoni. Hedi yake "iliyotoka Japani juzi" ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele kati ya siti mbili za valvu. Nikamshukuru, nikahamia kibanda cha pili.

Fundi wa mashine wa Ndeeba, mtaa wa Kampala, ndiye aliyenifurahisha. Alikataa kuskimu hedi, yaani kukwangua uso wake wa chini, kabla hajajua kamshafti (shafti ya kufungulia valvu) nitakayotumia. Aliilaza hedi chali, akafunika chemba ya kuchomea mafuta kwa kipande cha plastiki angavu chenye tundu, akaijaza mafuta ya taa kwa bomba la sindano huku akihesabu mililita. Chemba moja ilizidi wenzake. Akazisawazisha kwanza, ndipo akaskimu. Akanionya pia kwamba hedi ikishuka, mkanda wa taimingi unazichelewesha kamshafti, hivyo ninunue puli za kurekebishika. Wangapi wanakwambia hilo bila kuulizwa?

Kwa kuwa kamshafti zangu zinainua valvu kuliko za kiwandani, tulibandika plastisini juu ya pistoni, tukafunga hedi, tukazungusha krenki (shafti kuu ya injini) kwa mkono, tukafungua. Alama za valvu tulizikata kwa wembe tukapima unene uliobaki. Tulitaka angalau milimita 1.5 upande wa kuingiza na 2 upande wa kutoa, na tulizipata. Usiruke hatua hii hata fundi akikuapia.

Lawama? Kazi ilichelewa mno, na shimu za valvu (visahani vya kurekebisha nafasi ya valvu) nilirudishiwa zote kwenye kopo moja, hazina alama, ikabidi nipime kila valvu upya. Shimu za injini hii hukaa juu ya kikombe kinachosukuma valvu, na kwa kamshafti kali zinaweza kuchomoka ukizidisha mizunguko. Mimi nimeweka kikomo 7,500.

Sasa gari linavuta kuanzia 3,500 bila kusitasita, kona za gia ya pili sihitaji tena kurudi ya kwanza. Juu ya 7,000 linachoka, na hapo silaumu hedi: eksozi bado ni ile nyembamba ya kiwandani.