Sajili ya dhamana kwenye eCitizen: ni ya haraka, ila hakuna anayekukagulia

Kwa anayekopesha Kenya kwa dhamana ya ng'ombe, stoki ya duka, mashine au madeni ambayo mkopaji anadai wateja wake, sajili ya mtandaoni iliyoletwa na sheria ya 2017 ya dhamana za mali inayohamishika ni nafuu kubwa. Sheria iliyokuwepo ilitaka hati yenyewe isajiliwe pamoja na kiapo, ndani ya siku 21 tangu kutiwa saini. Siku hizi mkataba unabaki kwenye faili lako. Kinachosajiliwa ni notisi tu: nani amekopesha, nani ameweka dhamana, mali gani, kwa muda gani. Shamba na ploti hazimo humu. Hizo ni za sajili ya ardhi.

Unaingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, unafungua huduma za Business Registration Service (taasisi ya serikali inayosajili biashara), unajaza notisi ya kwanza, unalipa, kisha unapata uthibitisho wenye namba, tarehe na saa. Hiyo saa itunze. Wakopeshaji wawili wakishikilia mashine ile ile, kwa kawaida anayetangulia ni aliyesajili mapema, hata kama pesa yake ilitoka baadaye. Ndiyo maana sheria inakuruhusu usajili kabla mkataba haujasainiwa, mradi mwenye mali amekupa idhini kwa maandishi.

Kasi hii ina gharama yake. Msajili hakagui kama mkopo upo kweli wala kama ng'ombe ni wa huyo mkopaji, kwa hiyo uangalifu wote ni juu yako. Pa kutulia zaidi ni kwenye utambulisho wa mwenye mali. Anayepekua sajili huandika namba ya kitambulisho, au namba ya usajili ikiwa ni kampuni. Ukibadilisha 47 kuwa 74, notisi yako imelipiwa na imepokelewa, lakini anayekuja nyuma yako akipekua haioni. Nakili kutoka kwenye kitambulisho chenyewe, usitegemee fomu ya mkopo iliyojazwa kwa mkono. Gari nalo litaje kwa namba ya chesisi, tarakimu kwa tarakimu, kwa sababu rangi na muundo havitoshi.

Maelezo ya mali yanaweza kuwa mapana, mfano "stoki yote ya sasa na ya baadaye". Hilo linafaa duka ambalo bidhaa zinaingia na kutoka kila siku. Kwa ng'ombe wawili wa maziwa, andika aina, namba za hereni na mahali wanapofugwa, la sivyo siku ya kuwachukua mtabishana zizini.

Muda ulioandika ukiisha, notisi imekufa hata kama deni lipo, kwa hiyo uongeze mapema. Kufuta nako kunataka macho mawili. Marekani, mwaka 2008, nyaraka za kufunga mkopo mmoja wa General Motors zilibeba kimakosa notisi ya mkopo mwingine wa dola bilioni 1.5, ikafutwa, na mwaka 2015 mahakama ya rufaa ilisema ufutaji huo umesimama, maana mkopeshaji aliuidhinisha mwenyewe. Linganisha namba ya notisi na mkataba kabla ya kubonyeza.

Ukishasajili, pekua sajili kwa namba ile ile kama mtu wa nje. Ukijiona, chapisha matokeo, yaweke kwenye faili, ndipo uachilie pesa.