Uzoefu Wangu na Kifaru cha Centaur IV: Mzinga Mfupi, Moshi Mwingi

Kwa miezi minne sasa nimekuwa nikikitumia kifaru cha Waingereza aina ya Centaur IV katika mchezo mmoja wa vita vya vifaru ninaoucheza kwenye kompyuta, na kwa kuwa wachezaji wenzangu kadhaa wameniuliza kama kinastahili fedha yake, nimeona heri niandike kwa urefu kuliko kumjibu kila mmoja kwa mistari miwili. Kifaru hicho kililetwa na sasisho kubwa la mchezo na kikauzwa kama kifurushi cha kulipia, nami nikakilipia takribani shilingi 38,000 za Tanzania kwa kadi ya mtandaoni ya huduma ya fedha ya simu. Sasisho lenyewe lilikula gigabaiti tisa za bando langu, gharama ambayo haimo katika bei iliyotangazwa, lakini sisi tunaonunua intaneti kwa kupimiwa tunaijua vizuri.

Wengi walionunua na kisha kulalamika walitarajia kifaru cha kuwinda vifaru vingine, jambo ambalo Centaur IV haikuundwa kulifanya. Uingereza iliingia Vita Kuu ya Pili ya Dunia ikiwa na mzinga wa milimita 40 katika vifaru vyake vingi vilivyobeba mzinga, na wafyatuaji wake walipewa risasi ngumu za kutoboa chuma, si makombora ya kulipuka. Dhidi ya kifaru cha adui mzinga ule ulifaa, ila dhidi ya askari waliojibanza nyuma ya mzinga wao ndani ya handaki ulikuwa kama kumrushia mtu sindano gizani. Ndiyo maana vifaru vichache katika kila kikosi vilifungwa hawitza fupi, yaani mzinga unaorusha kombora kwa upinde, ya milimita 76 au 94, vikaitwa vifaru vya usaidizi wa karibu. Na katika miaka ya mwanzo shehena yao kubwa ilikuwa makombora ya moshi, ili wenzao wasogee au warudi nyuma bila kuonekana. Centaur IV ni mtoto wa mwisho-mwisho wa ukoo huo. Mzinga wake huitwa wa milimita 95, ingawa kipenyo halisi cha mtutu ni milimita 94, na ulikuwa na makombora ya kulipuka, ya moshi, na mengine ya kutoboa deraya, yaani bamba za chuma za kujikinga, kwa nguvu ya mlipuko wenyewe badala ya kasi.

Kwa upande wa umbo, waliokichora kifaru hiki wanastahili pongezi. Bamba za chuma zimesimama wima kama kuta za sanduku, vichwa vikubwa vya bolti vinaonekana kwenye mnara wa mzinga, na kuzunguka mnara huo wamechora mistari na namba za nyuzi (digrii za duara), jambo ambalo nilidhani ni urembo wa ovyo mpaka nilipofuatilia historia yake. Vifaru hivi vilipewa askari wa Royal Marines, kikosi cha wanamaji wa Uingereza, kwa ajili ya kutua Normandy, pwani ya Ufaransa, tarehe 6 Juni 1944, vikiwa 80 kwa jumla, na mpango wa awali ulikuwa kuving'oa injini na kuvitumia kama mizinga tu, vikifyatua vikiwa bado juu ya vyombo vilivyokuwa vikikaribia ufuko. Baadaye iliamuliwa injini zibaki ili viweze kuteremka na kuendelea kuwasaidia askari wa miguu nchi kavu. Zile namba za mnarani zilimwezesha ofisa kutaja upande wa kulenga kwa nyuzi, na vifaru vyote vinne vya kundi vikageuza mizinga yao kwa pamoja kama kikosi cha mizinga ya kawaida. Vilifanya kazi hiyo kwa muda wa wiki mbili hivi, kisha vikaondolewa mstari wa mbele. Kimoja bado kipo kwenye makumbusho ya Pegasus huko Normandy, na nilipolinganisha picha zake na kile nilichokuwa nacho kwenye kioo, sikuona kasoro ya kutaja.

Uendeshaji ni habari nyingine. Centaur ni ndugu wa Cromwell, kifaru kingine cha Waingereza, nao wanafanana kiasi cha mtu kuwachanganya, lakini Cromwell ina injini ya Meteor yenye nguvu za farasi 600 ilhali Centaur ilibaki na Liberty ya nguvu za farasi 395, injini ambayo asili yake ni Vita Kuu ya Kwanza. Mchezo umeiga tofauti hiyo bila huruma. Kwenye barabara tambarare unakwenda vizuri, lakini ukianza kupanda kilima utakuwa na muda wa kunywa chai.

Kufyatua kunataka subira zaidi. Kombora linatoka kwa mwendo wa takribani mita 330 kwa sekunde, kwa hiyo shabaha iliyo umbali wa mita 600 hufikiwa baada ya sekunde mbili hivi, na katika muda huo mpinzani makini ameshahama. Kwetu tunaocheza kutoka Dar es Salaam huku seva ikiwa Ulaya, ongeza pia ule ucheleweshaji wa mtandao, ambao kwangu mara nyingi unazidi milisekunde 170. Nimejifunza kutolenga kifaru kinachotembea isipokuwa kiwe karibu sana. Kinachotulia nyuma ya ukuta, hicho ni halali yangu, kwa sababu kombora linapaa na kushuka kwa upinde, na lile la kutoboa deraya lina sifa kwamba nguvu yake haipungui kwa umbali.

Hata hivyo, jambo lililonifanya niandike haya ni moshi. Jumamosi moja tulikuwa kwenye ramani yenye daraja, wenzangu wanne wamekwama ng'ambo, na wapinzani wawili wenye mizinga mirefu wamekalia kilima wakimpiga kila anayechungulia. Nilirusha makombora matatu ya moshi mbele ya kilima kile, wenzangu wakavuka wote wanne, wakazunguka nyuma, na dakika sita baadaye tukashinda. Jedwali la matokeo lilipotokea, jina langu lilikuwa la mwisho kabisa, pointi sifuri, kwa kuwa mchezo huhesabu madhara uliyomfanyia adui na si madhara uliyomwepusha mwenzako. Kifaru kilichobuniwa kwa kazi ya kuwasaidia wengine kimewekwa ndani ya mchezo usiokuwa na njia ya kuuona msaada. Tena mchezo wenyewe hauna askari wa miguu hata mmoja, na ngome za zege zilizopo ufukoni ni mapambo yasiyobomoka, kwa hiyo kombora la kulipuka, ambalo ndilo lilikuwa roho ya kifaru hiki, linabaki kukwaruza rangi za vifaru vizito.

Niliwaandikia watengenezaji nikipendekeza mambo mawili: kwamba moshi unaomficha mwenzako anayelengwa uhesabiwe kama mchango, na kwamba zile namba za mnarani zipewe kazi, ili vifaru vinne vya kundi moja viweze kufyatua pamoja kwa kufuata upande aliotaja kiongozi. Nilijibiwa siku hiyo hiyo na ujumbe wa mashine ulionishukuru kwa kuripoti tatizo la malipo.

Sijakiuza wala kukiacha. Kifaru hubeba makombora 51, na baada ya majaribio mengi sasa ninaingia vitani na 20 ya moshi, 19 ya kulipuka na 12 ya kutoboa deraya, mgao ambao mchezaji mwenye haja ya kupanda daraja ataucheka. Ukicheza peke yako, fedha hiyo inunulie Cromwell. Ukiwa na kundi la watu wanaosikilizana kwa sauti, na mmoja wenu hajali jina lake likae wapi kwenye jedwali, mpeni huyo Centaur.