Simu iko Amsterdam, mimi niko Kongowea: mwaka wangu na VPN ya kulipia

Nauza madera na leso kwa simu. Mzigo nachukua Mtaa wa Biashara, Mombasa, picha napigia nyumbani, wateja wako WhatsApp. Katikati ya 2024 shemeji yangu, ambaye ndiye fundi wa kila kitu kwetu, alinitia hofu: ati waifai ya bure ya mkahawa wa Nyali ninapokutana na wateja, mtu wa meza ya pili aweza kusoma kila ninachoandika. Nikalipa shilingi 5,800, VPN ya mwaka mzima: programu inayoificha data ya simu na kuipitisha kwenye kompyuta za kampuni yake kabla haijafika inakokwenda.

Haki yake niipe kwanza. Kuiwasha ni kugusa mara moja, na haikuzimika ovyo. Novemba 2024, Telegram ilipobanwa nchini wakati wa mtihani wa KCSE, ule wa kidato cha nne, vikundi vyangu viliendelea kufunguka huku jirani zangu wakilia. Bando linaisha upesi kidogo, na programu ya benki yangu inakataa kufunguka mpaka niizime. Hayo nayavumilia.

Ila shemeji alitia chumvi. WhatsApp inafunga ujumbe kwa fumbo toka 2016, na tovuti ambayo anwani yake inaanza na https nayo huyaficha mawasiliano kwa fumbo kabla VPN haijaingia. Mwenye waifai aliweza kujua naingia tovuti zipi, basi. Nilichoandika ndani hakioni. Sasa hata hilo halioni, ila analiona mwenye VPN, ambaye simjui kwa sura wala sijui kwao wapi. Wanasema hawaweki kumbukumbu za ninakoingia. Haya.

Lililonichekesha ni ramani. Nimechagua seva, yaani kompyuta ya VPN, iliyo Amsterdam, tovuti zinanikaribisha kwa Kidachi, halafu Google Maps inaniambia kuna msongamano daraja la Nyali na nitachelewa dakika 12. VPN inabadilisha anwani ya IP tu, ile namba ya mtandao ambayo tovuti hukisia kwayo uko wapi. GPS ya simu haijaguswa, na akaunti ya Google nimeiingia mwenyewe kwa jina langu. Matangazo ya vitambaa yananifuata vile vile. Na tovuti ya hapa hapa Kenya ikifunguliwa kupitia Uholanzi, data inatoka baharini kwa nyaya kama zile za SEACOM na TEAMS zilizofika Mombasa 2009, inakwenda Ulaya, inarudi kuifuata seva ya Nairobi, kisha safari ile ile tena kunijibu. Ukipakia picha 30 za madera utaisikia.

M-Pesa ndiyo kabisa. Nikibonyeza *334# hapo hapana intaneti, ni mtandao wa laini, VPN haina habari. Mteja akinitumia pesa analiona jina langu, nami naliona lake. Halafu napeleka mzigo ghorofani, soja ananisukumia daftari: jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, saa ya kuingia. Juu yangu kuna mistari ishirini ya watu wengine, namba zao zote naziona. Sheria ya Kulinda Data tunayo tangu 2019, lakini daftari liko pale pale na kalamu imefungwa kwa uzi.

Sasa la aibu. Mwezi wa nane wa kutumia VPN, ikiwa imewaka, kialama chake kijani juu, ujumbe ukaingia kutoka kwa mteja wangu wa siku nyingi: "Habibty, kuna namba sita zimekuja kwako kwa makosa, nirushie." Nikarusha. Kumbe akaunti yake ilishaibwa, na zile namba zilikuwa za kuisajili WhatsApp yangu kwenye simu nyingine. Kwa saa tatu mtu akawa ndiye mimi. Akawakopa wateja, akamkopa shangazi yangu wa Likoni, naye akatuma 3,000 bila kuuliza, maana mimi si wa kukopakopa. Niliposajili upya kwa namba za SMS yule akatupwa nje, lakini alikwisha weka PIN yake, namba ya siri ambayo WhatsApp huiuliza mtu akisajili upya, nikangoja siku 7 ndipo nikarudi. Siku 7 za mwezi wa Shaabani, madera ya Ramadhani yamejaa kitandani.

PIN hiyo ningeiweka mwenyewe kabla, dakika mbili, bure. Sasa nimeiweka. Nimebonyeza pia *106# kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho changu, nikaikuta moja nisiyoijua.

Nyota? Tatu. Kazi iliyouzwa kwayo inaifanya. Matangazo yake ndiyo yanaahidi mbingu, ati "usalama kamili". Nikilipa tena itakuwa mwezi mmoja mmoja, kwa safari na waifai za watu. Shangazi nimemrudishia elfu zake tatu, kwa awamu mbili.